Siku za Katikati ya Mbio Mbili Ndefu

Leo tutazungumza juu ya mtu aliyeshindana mbio ndefu, akafika salama, kisha anataka kushindana tena kabla ya kupita miezi mingi. Watu wa namna hiyo tunao hapa Bariadi, na Maswa, na Meatu pia. Mmoja ni mwalimu, mwingine mkulima wa pamba, mwingine fundi cherehani. Hukimbia kwa kupenda, wala hakuna anayewalipa mshahara, na mazoezi huyafanya alfajiri kabla ya kazi.

Katika nchi nyingi kuna mchezo uitwao traiathloni. Ule mrefu una kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, na kukimbia kilomita 42.2, yote kwa siku moja. Kwetu Simiyu haujazoeleka. Ziwa Victoria tunalo upande wa Busega, lakini maji ya pwani zake yana kichocho, wala sikushauri ukajifunzie kuogelea huko. Hata hivyo baiskeli tunazijua sana, na marathoni pia tunazijua, na taabu ya mwili baada ya mwendo mrefu ni ya ukoo mmoja.

Hebu tumtazame Alphonce Simbu wa Singida, askari wa Jeshi la Wananchi. Tarehe 21 Aprili 2025 alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston, Marekani, kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4. Tarehe 15 Septemba mwaka ule ule, mjini Tokyo, akatwaa ubingwa wa dunia, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Hakuna Mtanzania aliyepata kushinda dhahabu katika mashindano hayo kabla yake. Sasa chukua kalamu uhesabu: baina ya siku hizo mbili ni wiki 21. Kisha mfikirie kijana wetu anayesikia kwamba Jumapili ya tatu kutoka leo kuna mbio nyingine zenye zawadi ya fedha, naye akajiandikisha huku bado anashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja!

Katika mbio ndefu mambo mawili hutokea mwilini. La kwanza, akiba ya wanga iliyo katika misuli na ini huisha. Hilo halina shida kubwa. Ukila vizuri, akiba hurudi kwa siku moja hadi tatu. Ugali, uji, michembe au matobolwa vyatosha kabisa. Ongeza dagaa, choroko, karanga au maziwa ili mwili upate vya kujengea. Usidanganywe kununua unga wa kopo wenye picha ya mtu mwenye misuli.

La pili ndilo zito. Kila mguu unapotua chini, nyuzi ndogo ndogo za misuli huchanika, hasa katika mteremko. Maumivu huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua. Ifikapo siku ya sita mtu hujiona mzima. Hapo ndipo wengi hupotea, maana maumivu huisha kabla ya matengenezo kuisha. Nguvu za misuli zaweza kuwa pungufu kwa wiki mbili au zaidi, na kano na mifupa huenda polepole kuliko misuli. Mwendesha baiskeli ana nafuu kidogo kwa sababu miguu yake haigongi ardhi. Kwa hiyo mkimbiaji aweza kutumia baiskeli, kwa mwendo wa kwenda sokoni, katika wiki ya kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya michezo havilitaji. Mwanamichezo wa kulipwa akiambiwa apumzike, hulala. Wewe ukiambiwa upumzike, waenda kupalilia. Jembe, ndoo ya maji na gunia la pamba ni mzigo kwa mwili ule ule. Siku ya kulima tangu asubuhi hadi jioni usiihesabu kuwa ya mapumziko. Basi patana na watu wa nyumbani mapema, kabla ya mbio, nani atashika kazi zipi juma lile. Chagua na majira pia. Kilimanjaro Marathoni ya Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati pamba yetu bado yataka kuangaliwa. Mkulima akienda huko, mimi ningemwambia mbio zake za pili zingoje hadi mavuno yaishe.

Usimeze vidonge vya maumivu kama diklofenaki ili ukimbie, wala mara baada ya mbio mwili ukiwa umekauka maji, kwani huweza kuumiza figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukipata homa usiseme ni uchovu, kapime malaria.

Utajuaje kwamba uko tayari? Pata daftari. Kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, uandike. Anza majuma mawili kabla ya mbio ili ujue hesabu yako ya kawaida. Baada ya mbio, ikiwa mapigo bado yamezidi hesabu hiyo kwa 7 au 10, au usingizi hauji, au chakula hakina ladha, usiongeze mazoezi. Mnaosikiliza kwa kikundi, kila mmoja aanze kesho asubuhi, na daftari mje nazo kipindi kijacho.