Je, Wajua? Rusinga Huingiwa kwa Gari

Anayetoka Migori hupita Rongo na Homa Bay mjini hadi Mbita, na hapo daraja humvusha hadi kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Wageni wengi huenda kwenye kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi Julai 1969, kisha hugeuza. Hiyo ni hasara kubwa. Mwaka 1948, Mary Leakey alifukua kisiwani humu fuvu la nyani wa kale asiye na mkia, aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, na wataalamu wa chimbuko la binadamu wanalijadili hadi leo. Kisiwa jirani cha Mfangano, chenye michoro ya kale miambani, hufikiwa kwa boti.