Malkia wa Sinema na Barua za Mtumishi Wake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi sauti ilivyoingia katika sinema mwaka 1927, na jinsi waigizaji wengi waliozoea kusema kwa macho na mikono walivyojikuta hawana kazi kabla mvi hazijawatoka. Leo tunaifikia filamu yenyewe, Sunset Boulevard, iliyotolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1950, ambayo kwa rai yangu ndiyo kazi kali kuliko zote zilizopata kutungwa na Hollywood juu ya nafsi yake.

Mwongozaji wake, Billy Wilder, alikuwa Myahudi aliyezaliwa mwaka 1906 katika dola ya Austria, akaikimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler aliposhika hatamu, na huenda ni ugeni wake huo uliomwezesha kuyaona yale ambayo wenyeji walikwisha kuyazoea. (Sisi wa Eringeti, mashariki mwa Kongo, ambao tumewapokea wakimbizi na kuwa wakimbizi sisi wenyewe, twajua jinsi jicho la mgeni lilivyo kali.)

Mwenye kusimulia ni maiti. Tangu mwanzo twamwona Joe Gillis, mwandishi wa filamu asiye na kazi wala senti, akielea katika birika la kuogelea, naye ndiye anayetueleza, kwa utulivu na hata kwa mzaha, jinsi alivyofika pale: alikuwa akiwakimbia waliotaka kumnyang'anya motokaa yake kwa sababu ya deni, akaingia katika ua wa jumba lililochakaa, akamkuta Norma Desmond, malkia wa filamu za kimya, aaminiye kwamba ulimwengu ungali unamngojea. Akaajiriwa kuutengeneza mswada wa Salome alioutunga bibi huyo. Kisha, pasipo kutambua siku wala saa, akawa si mwajiriwa tena bali mwanamume wa kuwekwa kinyumba, mwenye kulishwa na kuvishwa.

Wilder hakuridhika na kubuni tu. Norma aliigizwa na Gloria Swanson, aliyezaliwa mwaka 1899, naye kwa hakika alikuwa malkia wa enzi hiyo. Na Max, mtumishi wake mwenye haiba ya kijeshi, aliigizwa na Erich von Stroheim, ambaye aliwahi kumwongoza Swanson huyohuyo katika Queen Kelly, filamu iliyokatizwa mwaka 1929 kabla ya kukamilika. Norma anapomwonyesha Joe sura yake ya ujanani katika ukumbi wake wa nyumbani, vipande vile ni vya Queen Kelly. Cecil B. DeMille naye anajiigiza mwenyewe, na Buster Keaton yumo mezani akicheza karata.

Wengi husema kwamba Norma aliangamizwa na kiburi. Mimi sikubali. Katika jumba lile huingia barua za wapenzi wake, wakimwomba picha na kumsihi arudi, na baadaye Joe anafahamishwa kwamba mwandishi wa barua zote hizo ni Max, ambaye, zaidi ya kuwa mtumishi, alikuwa mwongozaji wake wa kwanza na mume wake wa kwanza. Mwanamke aliyeambiwa kweli mapema angelia, angeomboleza, kisha angeishi. Lakini aliyedanganywa kwa mapenzi hadi umri wa miaka 50, ataanzia wapi? DeMille naye, aliyejua kwamba watu wa studio walipiga simu kwa kuitaka motokaa ya kale ya Norma na si Norma mwenyewe, alishindwa kulisema hilo, akamwaga kwa maneno laini. Basi kweli ikaja mwishowe kutoka kwa Joe, tena kwa dharau na saa ya kuondoka, nayo ikalipwa kwa risasi.

Aliyeigiza Joe ni William Holden, ambaye kisa chake kinatusogelea sisi. Mwaka 1959, akiwa tayari amepata tuzo ya Oscar kwa filamu nyingine ya Wilder, Stalag 17, Holden na wenziwe Ray Ryan na Carl Hirschmann walinunua hoteli huko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, penye mstari uleule wa ikweta upitao karibu na Butembo yetu, wakaifanya Mount Kenya Safari Club. Baadaye yeye na Don Hunt wakafungua hapo shamba la wanyama, ambamo walizalishwa bongo wa milimani, ndugu wa bongo wa mwitu wa Ituri unaoanzia mlangoni petu. Sithubutu kusema kwamba Afrika ilimwokoa: Novemba 1981 alianguka nyumbani kwake Santa Monica akiwa amelewa, akafa peke yake, na mwili wake ukaonekana siku kadhaa baadaye. Lakini mwigizaji Stefanie Powers, aliyekuwa mwandani wake, alianzisha wakfu kwa jina lake, na kituo chake karibu na Nanyuki huwafundisha vijana habari za wanyama wa porini.

Sehemu ya tatu itahusu ngazi ya jumba lile, na mwanamke aliyeishuka akidhani polisi na wapiga picha ni watu wa studio. Msomaji atakayeipata filamu hii kabla ya hapo, iwe katika simu yake au katika flashi ya rafiki, namsihi amwangalie Max kuliko Norma, na awe macho kila barua inapotajwa.