Jilore Yastahili Daftari Lake

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezewa wafanyabiashara, ilhali mali haikomi kwenye fedha na bidhaa. Mahali pia ni mali. Mto, msitu, makaburi, majina ya vilima na kumbukumbu za waliotangulia ni milki ya jamii, na jamii isiyoyaandika hayo yaweza kunyang'anywa bila hata kutambua kilichotwaliwa.

Chukua mfano wa Jilore. Msafiri atokaye Malindi akielekea bara, kwa barabara iendayo lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, huifikia baada ya takriban kilomita 20. Kaskazini yake wapita Mto Sabaki, na karibu na mto huo pana ziwa dogo lenye jina lilo hilo la Jilore. Kusini yake waanza Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, ambao ndio msitu mkubwa zaidi wa asili uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Baina ya mto na msitu wanaishi wakulima wa mahindi, muhogo na kunde, wenye minazi, mikorosho na miembe, wanaoyatazamia mawingu ya masika na ya vuli. Kiutawala, Jilore ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Malindi, katika Kaunti ya Kilifi.

Habari za idadi ya watu tunazo. Sensa ya 2009 iliwahesabu wakazi 1,109,735 katika Kilifi nzima. Ile ya 2019 ikawakuta 1,453,787. Kwa miaka 10 tu, kaunti iliongeza zaidi ya watu 340,000, yaani karibu theluthi moja. Lakini hesabu ya vichwa haisemi vichwa hivyo vinakumbuka nini. Karani wa sensa huuliza umri, elimu na aina ya paa. Hana safu ya kuandikia ni nani aliyeufyeka mwitu wa kwanza, wala kwa nini kisima fulani kinaitwa hivyo kinavyoitwa.

Wanaisimu twajua kwamba majina ya mahali ni hati za kale. Utazame mto wenyewe. Huko nyanda za juu huitwa Athi. Ukisha kuungana na Tsavo huitwa Galana. Ukikaribia bahari huwa Sabaki. Neno galaana katika Kioromo lina maana ya maji mengi: mto mkubwa, ziwa au bahari. Jina hilo ni ushahidi kuwa wafugaji wa Kioromo waliitawala nyika hii kabla ya wakulima wa leo, na ushahidi huo umedumu midomoni mwa watu pasipo karatasi hata moja. Vivyo hivyo, asemapo Mgiriama madzi, mudzi na dzina pale Mswahili asemapo maji, mji na jina, tofauti hiyo ndogo ya sauti yatuonyesha lugha mbili za ukoo mmoja zilizoachana njia bila kusahauliana.

Katika karne ya 19, nguvu za Waoromo zilipopungua kwa mapigano na majirani zao, Wagiriama walitoka katika maboma ya kaya zao wakasonga kaskazini hadi Sabaki, kisha wakauvuka. Wakati huohuo Malindi ilifufuka kuanzia miaka ya 1860 kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Waliofaulu kutoroka walikimbilia bara, wakaanzisha vijiji vyao au wakapokewa na Wagiriama. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S. walikuwa wamekwisha kujenga kituo Jilore, wakati ambapo reli haijafika mahali paitwapo leo Nairobi. Huko ilifika mwaka 1899. Basi anayeiona Jilore kuwa kijiji kisicho na historia naaulize kwanza umri wa mji mkuu wake.

Kisha ukaja mwaka 1913. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya nyumba, ikataka vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, tena ikawataka Wagiriama waihame ardhi yenye rutuba iliyo kaskazini ya Sabaki. Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu, wakala viapo vya kukataa. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadori Kola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, moyo wa Wagiriama, na vita vikazuka. Waliokaa ng'ambo ya kaskazini walichomewa nyumba, wakalazimishwa kuvuka kuja upande huu wa Jilore. Miaka michache baadaye waliruhusiwa kurejea, lakini njaa na faini zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake.

Sasa tujiulize, habari hizi zimeandikwa wapi, na kwa lugha gani? Barua za wamisionari zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza. Ripoti za mabwana shauri ziko katika nyaraka za taifa Nairobi. Msamiati wa Kigiriama uliokusanywa na mmisionari W. E. Taylor ulichapishwa London mwaka 1891, ukiwafafanulia Waingereza maneno ya wenyeji. Kila daftari liliandikwa na mgeni kwa ajili ya mgeni mwenzake. Mtoto wa Jilore atakaye kusoma habari za babu yake kwa lugha ya babu yake hana rafu ya kuiendea.

Wamarekani, ambao nao wamegawanya nchi yao katika kaunti zaidi ya 3,000, walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1876, taifa lao lilipotimiza miaka 100, bunge lao lilipendekeza kila kaunti na mji usimulie historia yake tangu kuundwa, nakala moja iwekwe katika ofisi ya karani wa hapo na nyingine katika maktaba ya bunge. Leo hata kaunti ya mashambani yenye watu wachache huko ina kitabu chake. Hata hivyo tusiige pasi na kupima. Vingi vya vitabu hivyo vilimsifu mlowezi na kumpita kimya Mhindi Mwekundu aliyefukuzwa katika ardhi ile ile. Daftari la Jilore halitakuwa la kweli likimtaja Mgiriama likamsahau Mworomo aliyemtangulia na mtoro aliyejificha kwake.

Wapo watakaosema kwamba mwenye njaa hali historia. Wanasema kweli, ila nusu yake. Maji ya visima vya Baricho, kandokando ya Sabaki hiyo hiyo, hupelekwa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Ardhi inapimwa na kuuzwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 huitaka jamii ijitambulishe na ieleze ardhi inayoidai. Mezani penye mambo kama hayo, asiye na maandishi huambiwa anasimulia hadithi, na mwenye karatasi moja, hata ikiwa ya juzi, huitwa mmiliki. Historia haijazi sufuria, lakini huenda ikamzuia mtu asinyang'anywe shamba linaloijaza.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho, na kifungu chake cha 7 kinalitaka taifa kukuza lugha za kienyeji. Kwa hiyo hatuombi hisani. Serikali ya Kilifi na iwape walimu na wazee wa kila wadi kazi moja: kuandika majina ya mahali na maana zake, koo na njia zilizopitia, visima, misitu na makaburi, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na nakala iwekwe katika kila shule. Jilore yafaa kuwa ya kwanza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya warsha chache za hotelini. Sensa ijayo itatuambia tumeongezeka kwa kiasi gani. Haitatuambia ni wazee wangapi wamezikwa na majina ambayo hakuna aliyewauliza.