Kompyuta inapokosea, nani awajibike?

TAASISI inayoiamini kompyuta kuliko watumishi wake inaweza kuwatia hatiani watu wasio na kosa. Ndivyo ilivyotokea Uingereza.

Mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza kuweka katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mara mfumo huo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao wasimamizi wa matawi hawakuweza kuueleza. Shirika liliwataka waulipe. Baadhi walifilisika, wengine wakafungwa jela. Hadi mwaka 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani.

Kilichowaponza ni kwamba mahakama zilichukulia kuwa kompyuta iko sahihi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Msimamizi wa tawi angethibitishaje, ilhali kumbukumbu za ndani za mfumo hazikuwa mikononi mwake? Tena wataalamu wa kampuni ya Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi wakiwa mbali, jambo ambalo Shirika lililikana kwa miaka mingi.

Desemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kufuta mamia ya hukumu.

Kwa hiyo, kabla ya kumshitaki mtumishi, taasisi haina budi kuukagua mfumo wenyewe kwanza: nani aliingia, alibadilisha nini, na lini. Kompyuta haipandi kizimbani. Aliyeichagua na anayeiendesha ndiye wa kujibu.