Ziwa likifungwa, sufuria ibaki motoni



Asubuhi ya hapa Kalemie tunaijua wote. Jua halijapanda, mitumbwi inarudi na taa zake, wamama wanangoja ufukweni na mabeseni, bei inasemwa mbio mbio. Kabla ya saa sita ndakala wamekwisha kuanikwa, na jioni feza ya bukari imepatikana.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, asubuhi hiyo ilinyamaza. Uvuvi ulisimamishwa kwenye ziwa Tanganyika kwa mapatano ya nchi zinazolizunguka: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Wavuvi waliitwa kwenye mikutano. Sisi tunaonunua, tunaoanika na kuuza, wengi wetu tulipata habari tulipofika ufukweni na beseni tupu.

Hata hivyo tuseme ukweli: sababu ya kufunga ni nzuri. Ziwa letu lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha karibu mita 1,470. Ukilitazama unadhani samaki hawawezi kuisha. Lakini huko chini kabisa maji hayana hewa, samaki hawawezi kuishi. Wanaishi juu tu na kandokando. Tena maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inayolisha samaki inabaki chini. Ndakala naye maisha yake ni mafupi, kama mwaka mmoja hivi. Akivuliwa kabla ya kuzaa, wa mwaka ujao atatoka wapi?

Mpango wenyewe haukuanza jana. Tarehe 12 Juni 2003 nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba kule Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika inayoufuatilia ina makao yake Bujumbura. Mkataba hausemi samaki peke yake. Unasema pia uchafu unaotupwa majini na udongo unaoteremka kutoka milimani miti ikikatwa. Nchi yetu ina pwani ya bahari kule Moanda, na maji ya ziwa letu yanafika huko: yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanakwenda mpaka baharini. Chupa ya plastiki tunayotupa hapa ina safari ndefu.

Mkataba huo unasema vilevile kwamba wananchi washirikishwe. Hapo ndipo tunapodai neno letu.

Kinachotuuma ni kalenda. Miezi hiyo mitatu inaangukia wakati wa mitihani ya mwisho wa mwaka. Shule ya sekondari inadai feza, na mama hana ndakala wa kuuza. Sisi walimu tunaona kiti cha mtoto kinabaki kitupu, na mara nyingi ni cha msichana. Halafu ziwa linafunguliwa katikati ya Agosti, na majuma machache baadaye ni daftari, viatu na uniforme. Mama anaanza mwaka wa masomo akiwa na deni.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa mambo matatu. Kwanza, tarehe itangazwe mapema, sokoni na makanisani, si kwa wenye mitumbwi tu. Pili, wamama wauza samaki wawe na viti katika kamati za ufukweni. Tatu, sheria iwe moja kwa wote: isiwe beseni la mjane linanyang'anywa mchana na mashua ya mwenye feza inapita usiku.

Lakini nasi tujitazame. Anayevua kwa mustikeri, vile vyandarua vya kulalia, anazoa watoto wa samaki kandokando, mahali wanapokulia. Anafanya hivyo kwa sababu kuna anayenunua. Anayenunua ni sisi. Tukikataa wote samaki wachanga, mustikeri zitarudi kitandani kuzuia mbu.

Na kwa nyumba zetu, tusingoje Mei. Likelemba ianze mwezi wa kwanza, feza yake itolewe mwanzoni mwa Mei, si wakati wa sikukuu. Tuiombe shule ipokee malipo kidogo kidogo tangu Januari. Mwenye mahali penye maji apande lengalenga, maana kiangazi mboga inapata bei. Tuweke maharage na karanga wakati wa mavuno. Sombe iliyopikwa na karanga, pamoja na maharage, inamjenga mtoto hata kama hakuna ndakala. Na yule anayeishi kwa samaki peke yake, bila shamba wala mume, tumjue kwa jina katika kila kikundi, tumpe zamu ya kwanza ya likelemba.

Kwa mkutano wa juma lijalo tunaomba kila mama aje na hesabu moja. Andika nyumba yako inakula feza ngapi kwa juma, bila kusahau sabuni na makaa. Zidisha mara 13, maana kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti ni majuma 13. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule. Tutajumlisha pamoja, na jumla hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwa wakubwa.