Masomo ya Fedha Huko Nakawa

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya masomo ya fedha, ambayo niliyasoma kwa miaka 3 huko Nakawa baada ya kutoka katika shule yetu hii. Naitikia kwa furaha, maana kila nijapo kuwatembelea wanafunzi wa madarasa ya juu huulizwa swali lile lile: “Je, huko mlifundishwa namna ya kupata utajiri?” Hapana, hatukufundishwa hivyo. Kama lingekuwako somo la namna hiyo, walimu wake wangekuwa wa kwanza kuacha ualimu. Tulifundishwa kupima fedha, na hasa fedha za watu wengine.

Chuo hicho kwa jina lake kamili ni Chuo cha Biashara cha Chuo Kikuu cha Makerere. Kiko upande wa mashariki wa mji wa Kampala. Kilianzishwa mwaka 1997, Kitivo cha Biashara cha Makerere kilipounganishwa na Chuo cha Taifa cha Biashara kilichokuwapo Nakawa.

Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi huona fedha kwa mbali tu. Husoma uhasibu, uchumi, hesabu na takwimu, na wengi hunung’unika kwamba wamecheleweshwa. Lakini mtu asiyejua kusoma mizania ya biashara ni kama dereva asiyetazama mshale wa petroli: gari litasimama njiani naye bado anaimba. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba faida na fedha taslimu ni vitu viwili mbalimbali. Mwenye duka aweza kuuza sana kwa mkopo, daftari lake likaonyesha faida nzuri, na mwisho wa mwezi akakosa shilingi za kuwalipa wafanyakazi wake.

Baada ya hayo ndipo huja somo ambalo ndilo mzizi wa mengine yote: shilingi ya leo si sawa na shilingi ya mwakani. Shilingi ya leo yaweza kuwekwa mahali ikazaa. Ya mwakani bado ni ahadi. Nitaeleza kwa mfano unaotuhusu sote. Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu cha wanafunzi wa zamani lilitolewa shauri tununue mashine ya kusaga mahindi, ili faida yake ilipe karo za watoto wasiojiweza. Shauri ni jema. Basi tulipime.

Tuseme mashine pamoja na kibanda chake vyagharimu shilingi 10,000,000. Tuseme tena kwamba kila mwisho wa mwaka, baada ya kulipa umeme na mshahara wa msagaji, zitabaki shilingi 3,000,000, na kwamba baada ya miaka 4 mashine itakuwa chuma chakavu. Mara 4 ni 12,000,000. Wengi watapiga makofi na kusema tumepata faida ya 2,000,000.

Lakini tuseme fedha zile zile twaweza kuziweka mahali pa salama zikapata riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Basi shilingi 3,000,000 za mwisho wa mwaka wa kwanza thamani yake leo ni 2,727,273, kwa kuwa kiasi hicho kikiongezwa asilimia 10 hufika 3,000,000. Za mwaka wa pili ni 2,479,339. Za mwaka wa tatu ni 2,253,944. Za mwaka wa nne ni 2,049,040. Jumlisha zote: 9,509,596. Twatoa 10,000,000 ili tupate kitu chenye thamani ya 9,509,596. Hapo chama kimepoteza 490,404, ingawa macho yaliona faida.

Je, tulitupe shauri? La. Tazama mashine ikidumu mwaka mmoja zaidi. Shilingi 3,000,000 za mwaka wa tano thamani yake leo ni 1,862,764, na jumla yapanda hadi 11,372,360. Sasa kuna faida ya kweli ya 1,372,360. Kwa hiyo ubishi wetu mkutanoni, kama mashine iwe ya rangi gani na ufunguo ukae kwa nani, haukugusa jambo lenyewe. Swali la kumuuliza fundi ni moja: itadumu miaka 4 au 5?

Hesabu hiyo hiyo humlinda mkopaji. Mtu akikukopesha 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, nawe usilipe kitu mwaka mzima, usidhani utadaiwa 220,000. Riba huzaa riba, na mwisho wa mwezi wa 12 deni limekuwa 313,843. Wazazi wengi wamepoteza vipande vya ardhi kwa kutojua kuzidisha.

Somo la pili kubwa ni hatari. Mkulima wa Buganda amelijua tangu zamani, ndiyo maana hupanda kahawa na migomba katika shamba moja. Bei ya kahawa ikianguka, watoto watakula matoke. Mwaka 1952 Mmarekani Harry Markowitz alilionyesha jambo hili kwa hesabu, na mwaka 1990 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba haitoshi kuhesabu una mali ngapi. Yakupasa uangalie kama zitaanguka siku moja. Mwenye maduka matatu katika soko moja hajajikinga na moto.

Mwaka wa mwisho tulisoma mabenki na masoko ya hisa. Soko la hisa la Uganda lilianzishwa mwaka 1997 na biashara ikaanza Januari 1998. Lile la Nairobi ni la zamani zaidi, la mwaka 1954. Huko kampuni hupata mtaji kwa kuuza sehemu ya umiliki wake, na mnunuzi hupata haki ya sehemu ya faida, lakini hasara nayo humfikia.

Habari za mabenki zilitufundisha unyenyekevu. Mwaka 1999 Benki Kuu ya Uganda ilifunga Greenland Bank na Cooperative Bank. Benki hupokea amana ambazo wenyewe waweza kuzitaka kesho, kisha huzikopesha kwa watu watakaolipa baada ya miaka. Fedha za wenye benki ni sehemu ndogo tu. Mikopo ikitolewa bila kupimwa, sehemu hiyo ndogo huliwa kwanza, na baada ya hapo huliwa akiba ya mwalimu na ya muuza ndizi. Kwa sababu hiyo sheria huitaka kila benki iwe na mtaji wake wa kutosha.

Ninyi mlio bado darasani, kama mwapenda masomo haya, msiikimbie hesabu. Haihitajiki akili ya ajabu; yahitajika subira ya kufanya hesabu hadi mwisho hata kama jibu halipendezi. Tena jueni kwamba mkirudi nyumbani na digrii hiyo, chama cha akiba na mikopo cha kijiji kitawakabidhi daftari lake kabla hamjafungua sanduku.

Nanyi wazee wa shule, kabla ya kupiga kura juu ya mashine, mwekeni mjumbe mmoja apate bei ya kweli kutoka madukani, na mwingine amuulize fundi umri wake. Fedha hizo ni karo ya watoto. Kikitukatika kinu katika mwaka wa nne, wao ndio watakaorudishwa nyumbani.