Anime haifichi ubovu wa picha

Kioo cha simu hakina huruma na picha ya anime, yaani katuni za Kijapani. Picha ya kamera, tuseme ya Mto Kilombero wakati wa masika, huficha kasoro nyingi katikati ya majani na maji ya tope. Anime ni mstari mwembamba uliopita kando ya rangi tambarare. Mstari huo ukivunjika, jicho linauona papo hapo.

Kijana wa Michenga, Ifakara, akitumiwa picha ya Naruto, mhusika wa anime, kwenye kundi la WhatsApp na kumweka kuwa mandhari ya simu yake, hukutana na tatizo hilo. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa iwe nyepesi. JPEG huigawa katika vyumba vya pikseli 8 kwa 8, kisha hupunguza undani wa kila chumba. Zile nywele za njano za Naruto zikikutana na anga la bluu, pembezoni mwake huzuka vidoa vya kijivu, na picha ikirushwa tena na tena vinaongezeka. Afadhali itumwe kama dokumenti, au kwa chaguo la HD ambalo WhatsApp iliongeza mwaka 2023. PNG ni bora zaidi kwa sababu hubana bila kutupa kitu, ingawa kuigeuza JPEG iliyokwisha kuharibika iwe PNG hakurudishi kilichopotea.

Ukubwa nao una mpaka wake.

Simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha pikseli 720 kwa 1600, yaani 1,152,000. Picha ya 4K, 3840 kwa 2160, ina zaidi ya milioni 8. Tena imelala, na simu imesimama: ikijaza kioo, takribani robo tatu yake hukatwa. Bando limeliwa bure. 4K inafaa televisheni na kompyuta zenye kioo cha kiwango hicho.

Kwenye kioo cha aina ya AMOLED, pikseli nyeusi huzimwa kabisa, kwa hiyo usiku wa anime huwa mweusi kweli. Anga kama lile la filamu ya Makoto Shinkai, Your Name (2016), linahitaji faili safi, la sivyo rangi inayofifia polepole hukatika michirizi.

Kanuni hizi zinaihusu pia Tingatinga, sanaa aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, yenye mistari iliyokolea na rangi kali. Sheshe, yule swala wa Bonde la Kilombero, akichorwa hivyo, akapigwa picha kwenye mwanga mzuri na kuhifadhiwa bila kubanwa, atang'aa kwenye kioo hichohicho.